Betri ya lithiamu ikizeeka Kisumu, nani ataikomboa lithiamu iliyomo?

Pale soko la Kibuye, upande wa jua kali, peleka betri ya gari iliyokufa na hutachelewa. Mnunuzi wa skrapu ataiweka kwenye mizani, atataja bei ya kilo, mtavutana kidogo, na pesa itaingia kwenye simu. Sasa peleka betri ya taa ya kuvulia omena, au ile pakiti iliyotolewa kwenye pikipiki ya umeme. Ataigeuzageuza, ataisukuma upande wako wa meza na kukwambia, “Omera, hiyo rudi nayo.”

Mnunuzi huyo anajua hesabu zake, na hesabu zenyewe ndizo zinazowatoa jasho wenye viwanda vikubwa Ulaya na Marekani. Kila mtu amesikia kwamba lithiamu ni mali. Zimbabwe ilipiga marufuku kusafirisha mawe ghafi ya lithiamu Desemba 2022, Australia na Chile zinaichimba kwa kasi, na karibu magari yote ya umeme yanaitegemea. Betri kuukuu zinayo. Mbona basi hazina mnunuzi? Wengi wanaolizungumzia jambo hili huanza na kiwanda: kijengwe wapi, kitaajiri vijana wangapi. Kwangu mimi kiwanda ndicho fundo la mwisho. Tuanze na kilichomo ndani ya betri.

Gramu ngapi hasa?

Usiku wa giza, mwezi usipokuwepo, omena hufuata mwanga. Kwa miaka mingi wavuvi wa Mbita, Rusinga, Usenge na Dunga walikesha ziwani na karabai, na kulipokucha mafuta ya taa yalikuwa yameungua yote. Taa za betri zilipoingia, ilikuwa rahisi kudhani kwamba lithiamu nayo huungua hivyo hivyo, inapungua kila usiku hadi inakwisha. Sivyo. Ndani ya seli kuna karatasi nyembamba ya alumini iliyopakwa kampaundi yenye lithiamu, upande unaoitwa kathodi. Kuna karatasi ya shaba iliyopakwa grafiti, nayo ni anodi. Katikati kuna utando wa plastiki wa kuzitenganisha, na vyote vimeloweshwa kwa majimaji yanayoitwa elektroliti. Ukichaji, lithiamu inahama kutoka kathodi na kwenda kukaa katikati ya matabaka ya grafiti. Ukiwasha taa, inarudi ilikotoka. Kila safari, kiasi kidogo sana hunasa kwenye utando unaojijenga juu ya grafiti, na kikishanasa hakifanyi kazi tena. Baada ya mamia au maelfu ya safari kilichonasa kimekuwa kingi, na taa inazimika kabla ya alfajiri. Lakini lithiamu iliyotiwa kiwandani bado imo yote.

Ni kiasi gani? Wasafirishaji wa mizigo wana kanuni ya mkato: kila ampea-saa moja ya seli hubeba takriban gramu 0.3 za lithiamu. Simu yenye betri ya mAh 5,000, yaani ampea-saa 5, ina gramu moja na nusu. Seli ya mviringo inayoitwa 18650, yenye upana wa milimita 18 na urefu wa milimita 65, ambayo utaikuta kwenye tochi, taa za sola na betri za laptopu, ina uzito wa gramu 45 hivi, na lithiamu yake kwa kawaida haizidi gramu moja. Pakiti ya pikipiki ya volti 72 na ampea-saa 40, ambayo inaweza kufika kilo 25, ina gramu 250 na kidogo, kwa kuwa volti hizo hupatikana kwa kufuatanisha seli ishirini na kitu, na kila moja huhesabiwa peke yake. Yaani asilimia moja ya mzigo unaoubeba begani.

Viwanda haviuzi lithiamu tupu. Vinauza chumvi yake, lithiamu kaboneti, na gramu 250 za lithiamu zinatoa kaboneti ya kilo 1.3 hivi. Bei ya kaboneti hiyo huko Uchina ilipanda hadi karibu yuani 600,000 kwa tani mnamo Novemba 2022, zaidi ya dola 80 kwa kilo. Kabla ya mwaka 2024 kwisha, ilikuwa imeporomoka chini ya yuani 80,000. Chukua dola 10 kwa kilo ili hesabu iwe nyepesi: lithiamu yote iliyomo kwenye pakiti ya pikipiki ina thamani ya dola 13, kama shilingi 1,700 za Kenya. Na hapo tumejifanya kwamba haipotei hata chembe njiani, lori ni la bure na mfanyakazi halipwi. Pakiti hiyo hiyo mwaka 2022 ingekuwa na lithiamu ya dola 100 na ushei. Biashara ambayo mali ghafi yake hupanda na kuanguka hivyo ndani ya miaka miwili haimvutii mwenye mizani.

Betri ya gari haina mashaka hayo. Zaidi ya nusu ya uzito wake ni risasi, na risasi huyeyuka kwa nyuzi 327 tu. Jiko la makaa na sufuria ya chuma vinatosha. Ndiyo maana ina soko kila mji, na ndiyo maana pia imeleta maafa. Owino Uhuru, mtaa wa Mombasa uliopakana ukuta kwa ukuta na kiwanda cha kuyeyusha betri za risasi, uliachiwa sumu ndani ya udongo na ndani ya damu za watoto. Mwaka 2020 Mahakama ya Mazingira na Ardhi iliagiza wakazi walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.3. Mahakama ya Rufani ikaitengua, na Mahakama ya Juu ikairejesha Desemba 2024. Anayeota kiwanda cha betri za aina yoyote kando ya ziwa aisome kesi hiyo kwanza, halafu turudi kwenye michoro yake.

Ukoo wa kobalti na ukoo wa chuma

Betri za lithiamu zina aina nyingi, lakini machoni pa anayetaka kuzivunja ziko koo mbili tu: zenye kobalti au nikeli, na zisizo nazo.

Ukoo wa kwanza ulianza na Sony mwaka 1991, ilipoingiza sokoni betri ya kwanza ya lithiamu-ayoni ya kuchajiwa. Kathodi yake ilikuwa ya lithiamu na kobalti, na hadi leo simu na laptopu nyingi zinatumia kampaundi hiyo. Kwa uzito, asilimia 60 ya kampaundi ni kobalti na asilimia 7 tu ni lithiamu. Magari mengi ya umeme ya Ulaya na Marekani yalifuata na mchanganyiko wa nikeli, manganisi na kobalti. Kobalti nyingi duniani inatoka Kongo na ni ghali, kwa hiyo mtu akikuletea tani ya betri za simu, una sababu ya kuamka mapema.

Ukoo wa pili kathodi yake ni ya lithiamu, chuma na fosfeti. Lithiamu humo ni asilimia 4.4. Kinachobaki ni chuma na fosfeti, vitu ambavyo hakuna atakayevuka bahari kuvitafuta kwenye takataka. Betri hizi haziwaki ovyo, zinavumilia maelfu ya chaji na ni nafuu. Kwa sababu hizo zimejaa kwenye mifumo ya sola, taa, na vyombo vingi vya usafiri wa umeme vinavyoingia Afrika Mashariki. Kuzitofautisha si kazi ngumu: soma maandishi ya seli. Ikisema volti 3.6 au 3.7, ni ya ukoo wa kobalti na nikeli. Ikisema 3.2, ni ya chuma.

Hapa ndipo penye kero. Betri iliyo bora kwa mvuvi na kwa mwendesha bodaboda ndiyo iliyo mbaya kuliko zote kwa mrejelezaji. Kwa muda mrefu ile shughuli iliyoitwa “kurejeleza betri za lithiamu” ililipiwa na kobalti na nikeli. Lithiamu ilikuwa haitolewi kabisa, au ikitolewa ilikuwa ya ziada. Ondoa kobalti, na hesabu nzima inabaki juu ya shaba, alumini na ile asilimia moja.

Kutoka unga mweusi hadi chumvi nyeupe

Kazi inaanza kwa kuiondolea betri umeme uliobaki. Mtandaoni utaona watu wakizitumbukiza seli kwenye ndoo ya maji ya chumvi. Njia hiyo inafanya kazi nusu nusu, na nusu iliyobaki ndiyo ya hatari: chumvi hula vituo vya chuma kwanza, umeme unakosa njia ya kutoka, nawe unadhani seli ni tupu. Maji yenyewe huchafuka, na huwezi kuyamwaga mtaroni. Afadhali kuitumia betri iwashe mzigo halisi, balbu au waya wa kupasha joto, ukiipima kwa mita hadi ifike chini.

Kisha pakiti inafunguliwa, plastiki na nyaya zinawekwa kando, na seli zinasagwa ndani ya mashine iliyofungwa isiyoingiza hewa, kwa kawaida ikijazwa naitrojeni. Tahadhari hiyo ina sababu mbili. Seli yenye chaji ikipondwa hujipasha joto yenyewe hadi ikalipuka moto. Na elektroliti ina chumvi yenye florini, ambayo ikikutana na unyevu hutoa asidi ya haidrofloriki, inayopenya ngozi na kushambulia mifupa. Fundi aliyewahi kutoboa seli kwa bahati mbaya anaijua ile harufu tamu ya rangi ya kucha inayotoka. Hiyo ni elektroliti inayovukiza, na ni ishara ya kutoka nje upesi, si ya kuinama kuangalia.

Kilichosagwa kinachekechwa. Vipande vya chuma vinavutwa na sumaku, shaba na alumini vinatengwa, plastiki inapeperushwa. Kinachobaki chini ni unga mweusi, mchanganyiko wa kathodi na grafiti, karibu nusu ya uzito wa seli. Unga huu ndio bidhaa inayouzwa kimataifa. Watu wengi hudhani nchi iliyo na mashine ya kusaga imeshafika. Haijafika, imetengeneza mali ghafi ya mtu mwingine.

Kuna njia ya moto na njia ya asidi. Njia ya moto ndiyo ya zamani: kiwanda cha Umicore kule Hoboken, Ubelgiji, kilijulikana kwa kuzichoma betri ndani ya tanuri la nyuzi zaidi ya 1,000. Kobalti, nikeli na shaba huyeyuka pamoja na kutua chini. Lithiamu na alumini huelea juu kama sehemu ya mavi ya chuma, na kwa miaka mavi hayo yaliishia kwenye kazi za ujenzi. Yaani lithiamu ilirejelezwa kwa jina, huku imelala ndani ya zege.

Njia ya asidi ni ndefu zaidi lakini inakamata zaidi. Unga unalowekwa kwenye asidi ya salfuriki yenye moto kiasi, pamoja na haidrojeni peroksaidi, ile ile dawa inayotoa povu kidondani. Metali zinayeyuka, grafiti inabaki na kuchujwa. Sasa una majimaji yenye kila kitu, nawe unavitoa kimoja kimoja. Ukipunguza ukali wa asidi taratibu, chuma, alumini na shaba huganda na kutua. Halafu kwa viyeyushi maalumu unavuta manganisi, kobalti, na nikeli. Lithiamu ndiyo inayobaki peke yake mwishoni, ikiogelea na chumvi zote ulizoongeza njiani. Kila mara ulipochuja tope la metali nyingine, kidogo cha lithiamu kilibaki kwenye tope lile. Ndiyo maana wa mwisho kutoka ndiye anayepunjika.

Kuikamata lithiamu kunahitaji magadi, yale yale yanayochimbwa Ziwa Magadi kule Kajiado tangu enzi za ukoloni. Kampuni ya kwanza huko iliundwa 1911. Unamimina myeyusho wa magadi, na lithiamu inageuka kaboneti na kutua chini ikiwa unga mweupe. Lakini ina tabia ya ajabu. Sukari huyeyuka zaidi kwenye chai ya moto kuliko chai iliyopoa. Lithiamu kaboneti ni kinyume chake kabisa. Lita ya maji ya nyuzi sifuri hubeba gramu 15 za kaboneti hii, na lita ya maji yanayochemka hubeba kama 7 tu. Kwa hiyo majimaji yanapashwa hadi nyuzi 90 hivi, magadi yanaingizwa, na kuchuja kunafanyika yangali moto. Ukiyaacha yapoe, sehemu ya mali yako inayeyuka tena ukiitazama.

Tabia hiyo ndiyo inayoeleza gharama. Hata yakiwa moto sana, kila lita ya majimaji inaondoka na lithiamu ya gramu moja na nusu hivi ambayo haikubali kutua. Ikiwa majimaji yako yalikuwa na gramu mbili kwa lita, umefanya kazi yote hiyo ili upate nusu gramu. Lazima kwanza uyavukize, upunguze maji hadi lithiamu iwe nzito mara kadhaa, ndipo umimine magadi. Kuvukiza maji ni kununua joto. Na mwishowe kiwanda cha betri kitataka kaboneti yenye usafi wa asilimia 99.5, ya 98 itaishia kwenye vioo na vigae kwa bei ya chini.

Kwa hiyo sasa wahandisi wanajaribu kuugeuza mpangilio, lithiamu itoke ya kwanza. Njia mojawapo ni kuuchoma unga mweusi bila hewa pamoja na grafiti iliyomo humo. Kaboni inaipokonya kathodi oksijeni, lithiamu inakuwa kaboneti papo hapo, na maji peke yake yanatosha kuioshea nje, maji baridi safari hii, kwa sababu tuliyoiona. Kwa ukoo wa chuma kuna njia nzuri zaidi: asidi kidogo tu na peroksaidi, lithiamu inaponyoka, na fosfeti ya chuma inabaki imara bila kuyeyuka. Kazi ikirahisika hivi, hata betri za ukoo wa chuma zinaanza kuwa na maana kwa mrejelezaji.

Sheria ya betri ya Umoja wa Ulaya ya mwaka 2023 inaonyesha ugumu huu kwa tarakimu. Inadai warejelezaji wakomboe asilimia 90 ya kobalti, nikeli na shaba kufikia mwisho wa 2027, lakini lithiamu asilimia 50 tu. Kufikia mwisho wa 2031 itakuwa 95 kwa zile na 80 kwa lithiamu. Waliotunga sheria walijua nani hutoka wa mwisho.

Kipi kinawezekana huku kwetu

Mtu anaweza kutazama ramani akashawishika. Magadi yako Kajiado. Mvuke wa Olkaria uko Nakuru, joto linalotoka ardhini usiku na mchana, na kuvukiza maji ndiyo kazi inayokula joto. Mimi mwenyewe naona wazo hilo lina mvuto. Linakosa betri.

Kampuni ya Li-Cycle ya Kanada ilianza kujenga kiwanda huko Rochester, jimbo la New York, cha kusafisha tani 35,000 za unga mweusi kwa mwaka. Ikiwa nusu ya betri hugeuka unga, hizo ni tani 70,000 za betri, sawa na pakiti karibu milioni tatu za pikipiki kila mwaka. Ujenzi ulisimamishwa Oktoba 2023 gharama zilipovimba, na mwaka 2025 kampuni ikaomba ulinzi wa mahakama dhidi ya wadai, mali zake zikachukuliwa na kampuni ya madini ya Glencore. Hao walikuwa na magari ya Amerika nzima ya kuvunja. Sisi Magharibi mwa Kenya pikipiki za umeme ndio kwanza zinaanza, na betri zake zitachukua miaka kadhaa kabla hazijachoka.

Kinachowezekana sasa ni kazi ya mwanzo, ambayo pia ndiyo yenye pesa ya kubaki Kisumu: kupima na kutumia tena. Pakiti hufa kwa sababu ya seli yake iliyo dhaifu kuliko zote. Saketi ya ulinzi ikiona seli moja imeshuka mno, inakata umeme wa pakiti nzima, hata kama nyingine zote ziko sawa. Fundi makini anaifungua, anabandua vile vipande vya nikeli vilivyounganisha seli, na kupima moja moja. Iliyoshuka karibu na sifuri anaiweka kando na hairudishi kazini hata ikikubali chaji, kwa kuwa shaba ya ndani imeanza kuyeyuka na inaweza kujenga daraja ndani ya seli litakaloiwasha moto siku nyingine. Zilizobaki anazichaji hadi zijae, anaziacha zipumzike siku kadhaa, anaangalia zipi zimeshuka zenyewe. Zilizosimama imara anazimaliza chaji kwa mzigo anaoujua, akihesabu ampea-saa, kisha anazipanga zinazolingana. Pakiti mpya ya seli kuukuu, ikiwekewa saketi mpya ya ulinzi, inaweza kuwasha banda la kuku au kibanda cha M-Pesa miaka mingine kadhaa.

(Na kwa kuwa tuko hapo: ukiuziwa seli ya 18650 iliyoandikwa mAh 9,900, hiyo ni karatasi tu iliyosema. Seli bora za kiwandani za ukubwa huo ziko 3,500 hivi. Iweke kwenye mizani. Ikiwa na uzito mdogo sana kuliko gramu 45, umenunua ganda.)

Betri ya pikipiki iliyobaki na asilimia 70 ya uwezo wake ina thamani kubwa kuliko zile dola 13 za lithiamu iliyomo. Kuisaga mapema ili kutafuta lithiamu ni kuchinja ng'ombe anayekamwa. Jinsi ya kuipata betri hiyo mkononi, hilo ndilo swali lenyewe, na jibu lake linategemea nani anaimiliki. Kando ya ziwa, kampuni ya WeTu hukodisha taa za uvuvi: mvuvi anachukua taa iliyochajiwa jioni na kuirudisha. Vituo vya kubadilishia betri za bodaboda hufanya vivyo hivyo. Mwendeshaji haimiliki betri, anaacha iliyoisha na kuondoka na iliyojaa. Betri ya namna hiyo haipotei. Kila siku inapita mikononi mwa mwenyewe, anajua umri wake na hali yake, na ikichoka tayari iko ghalani. Tochi iliyonunuliwa dukani Busia au Kakamega haina njia ya kurudi. Inatupwa shimoni au inafuata taka hadi jalala, na ikipondwa chini ya taka za Gioto kule Nakuru inaweza kujiwasha moto bila ya mtu kuigusa.

Sheria ya Usimamizi Endelevu wa Taka ya 2022, pamoja na kanuni zake za 2024, inamtwika mzigo huo mtengenezaji na mwagizaji: aliyeingiza bidhaa nchini anawajibika nayo hadi inapokuwa taka, na gharama ya kuikusanya inakuwa yake. Kwa betri za ukoo wa chuma sioni njia nyingine. Hazitajilipia. Mwagizaji ataongeza shilingi kadhaa kwenye bei ya tochi, na shilingi hizo ndizo zitakazompa mnunuzi wa Kibuye sababu ya kuzipima. NEMA, mamlaka ya mazingira, ikisimamia kanuni hizo kwa maduka makubwa ya Nairobi tu na kuwaacha wanaoingiza makasha ya tochi kupitia mpakani, waaminifu watalipa na wengine watauza kwa bei ya chini.

Zikishakusanywa, zilizokufa kabisa zitalazimika kusafiri. Mkataba wa Basel wa kusafirisha taka hatari kati ya nchi, ambao Kenya ni mwanachama, unataka nchi itakayozipokea ikubali kwa maandishi kabla mzigo haujaondoka, na tangu Januari 2025 sharti hilo limepanuliwa hadi kwa taka zote za elektroniki. Meli huzihesabu betri za lithiamu kuwa mzigo wa hatari, na zilizoharibika haziruhusiwi kabisa kupanda ndege. Kwa hiyo mtu mmoja wa Kisumu mwenye magunia matatu hana pa kwenda nayo. Anahitaji kuungana na wengine hadi kontena lijae, zikiwa zimetengwa kwa koo na kuondolewa umeme. Nairobi kuna wanaokusanya taka za elektroniki, WEEE Centre ikiwa mojawapo, na kituo cha kupokea betri kando ya ziwa kinaweza kuwa tawi la kazi ya namna hiyo bila kusubiri mwekezaji wa kiwanda.

Kwa aliye na betri moja mbovu nyumbani leo: ikiwa imevimba, usiichaji tena na usiitoboe kutoa hewa. Ziba vituo vyake vyote viwili kwa selotepu ili visigusane na chuma. Iweke kwenye mkebe wenye mchanga mkavu, nje ya nyumba, mahali pasipofikiwa na jua wala watoto, mbali na jiko. Ikishika moto, mwagia maji mengi kwa umbali na usivute moshi wake. Betri ya kuchajiwa haina lithiamu tupu ya kulipuka ikigusa maji, na maji ndiyo yanayoipoza. Halafu siku ukienda mjini ibebe, umuulize aliyekuuzia anaipokea wapi. Kwa mujibu wa kanuni za sasa, kampuni iliyoiingiza nchini inatakiwa iwe na jibu.